Mwenendo wa mauaji 2012 hadi 2022: nigawanye kwa idadi ipi ya watu?

Mwana Chumbageni (Tanga)
Wakuu, salaam. Nina idadi ya mauaji yaliyoripotiwa polisi nchi nzima, 2012 hadi 2022. Nikichora grafu, mstari unapanda. Nimeonywa nisiitoe hivyo. Nirekebishe wapi? Na mkoa wetu naweza kuuchora peke yake?

Bi Hesabu
Kaka, idadi tupu usiichore. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923, ya 2022 watu 61,741,120. Watu wakiongezeka hivyo, mstari unaweza kupanda hata kama hatari kwa kila mtu imepungua. Gawanya mauaji ya mwaka kwa watu wa mwaka huohuo, zidisha kwa 100,000. Miaka ya katikati, kuza idadi ya 2012 kwa takriban asilimia 3.2 kila mwaka.

Wengi wanakwama hapo: wanang'ang'ania sensa ya zamani mpaka mpya itoke. Tuseme mauaji ni 2,000 mwaka 2021 (mfano tu). Kwa sensa ya 2012 unapata 4.5, kwa watu milioni 59.8 unapata 3.3. Ukibadilisha sensa 2022, mstari unaporomoka, na msomaji anaamini usalama umeimarika, kumbe kilichobadilika ni kigawanyo.

Msoma Majalada (Bagamoyo)
Naongezea. Uliza kwanza: zimehesabiwa kesi au watu waliouawa? Watu watatu wakiuawa tukio moja, jalada linaweza kuwa moja. Pia Kanuni ya Adhabu inatenganisha kuua bila kukusudia, kifungu cha 195, na kuua kwa kukusudia, cha 196. Ukijumlisha makosa yote mawili, fanya hivyo kwa kila mwaka.

Angalia na tarehe. Uingereza na Wales, watu zaidi ya 170 waliouawa na daktari Harold Shipman waliingizwa kwenye takwimu za 2002/03, ilhali walikufa miaka mingi nyuma. Kilele cha mwaka ule kimetokana na tarehe ya kusajiliwa, si ya kuuawa.

Mwana Chumbageni
Ahsanteni sana. Waliouawa na wananchi wenye hasira kali wamo?

Bi Hesabu
Wanapaswa kuwemo, nao ni mauaji kamili. Wakiwa kwenye safu yao, warudishe kwenye jumla kwa miaka yote 11.

Mkoa wa Tanga unachoreka, ulikuwa na watu 2,615,597 mwaka 2022. Wilaya ndogo ndiyo usithubutu kuichora mwaka kwa mwaka: penye watu 80,000, mauaji yakitoka 2 hadi 4 kiwango kinaruka kutoka 2.5 hadi 5. Unganisha miaka mitano mitano.