Melatonini, stiroidi au NAC kabla ya kukatwa ini: kipi kina uzito?

BintiKigamboni:
Wakuu, habari zenu, na wakubwa shikamooni. Baba yetu mdogo ana uvimbe kwenye ini na amepangiwa upasuaji wa kuutoa pamoja na sehemu kubwa ya ini. Ana sukari. Binamu aliyeko Marekani ametuma chupa ya melatonini ya miligramu 5, anasema ukiinywa kabla ya oparesheni matatizo yanapungua. Kwenye grupu la familia mmoja anang'ang'ania stiroidi (dawa za jamii ya prednisoloni), mwingine NAC (kwa kirefu N-acetylcysteine). Wenye uelewa naomba mnilinganishie.

Mama Tausi:
Pole sana mwanangu. Melatonini si zile za usingizi? Imefikaje kwenye ini tena?

Fundi Nusukaputi:
Mama, usingizi ndio kazi yake inayojulikana. Huku thieta wameitafutia kazi nyingine. Ini lina damu nyingi mno, kwa hiyo daktari akilikata mara nyingi anabana mishipa inayoliingizia damu, kwa kawaida dakika 15, anaachia 5, anabana tena. Pringle wa Glasgow aliieleza mbinu hiyo mwaka 1908 na bado tunaitumia. Balaa huja damu ikirudi: seli zilizokosa oksijeni huzalisha kemikali kali zinazounguza hata sehemu ya ini iliyobaki, na hiyo ndiyo mgonjwa anayoitegemea. Melatonini nyingi huzizima kemikali hizo. Kwa panya ilifanya vizuri, ndipo wapasuaji wa Heidelberg, Ujerumani, wakaijaribu kwa watu.

Sasa sikia dozi: miligramu 50 kwa kila kilo ya mwili, dozi moja tu, imechanganywa na maziwa na kupitishwa kwenye mpira wa tumboni mgonjwa akiwa keshalazwa usingizi. Mtu wa kilo 70 anapata miligramu 3,500. Kwa chupa ya binamu hiyo ni vidonge 700.

BintiKigamboni:
700?! Basi kimoja usiku hakina maana.

Mzee wa Takwimu:
Kwa ini, hakina. Na hata hizo 3,500 msizishangilie haraka. Matokeo ya Heidelberg yalitoka 2011, wagonjwa 50 tu, nusu melatonini, nusu dawa bandia (isiyo na kazi, ya kulinganishia tu). Maambukizi yalikuwa matatu kila upande. Matatizo mengine yalikuwa manane kwa watu watano upande wa dawa bandia, na matatu kwa watu watatu upande wa melatonini. Inavutia, lakini kwa watu wachache hivyo tofauti hiyo inaweza kuwa bahati tu. Vimeng'enya vya ini, vile vinavyopanda kwenye damu ini likiumia, navyo vilikuwa chini kidogo upande wa melatonini, lakini tofauti haikuwa na uzito wa kitakwimu. Walichothibitisha ni kwamba dozi kubwa vile inafyonzwa na haikuleta madhara makubwa. Anayesema "imethibitika inapunguza matatizo" ameruka ngazi.

Mpemba wa Leeds:
Mie naongezea la chupa. Huku Uingereza melatonini ni ya cheti cha daktari, Marekani iko rafu moja na vitamini. Kanada walipima bidhaa 31 mwaka 2017: kuna iliyopungua kwa asilimia 83 chini ya kilichoandikwa, na kuna iliyozidi kwa asilimia 478. Baadhi zilikutwa na serotonini, kemikali nyingine kabisa. Hivyo ni vidonge vya kumpa mgonjwa wa ini kweli?

Fundi Nusukaputi:
Umenena. Tena melatonini huvunjwa na ini lenyewe, kwa hiyo ini likiwa na makovu, dawa hukaa kwenye damu muda mrefu zaidi.

Nirudi kwenye ulinganisho. NAC tunaijua kama dawa ya aliyekunywa parasetamoli nyingi, na huko inaokoa maisha. Kwenye kukata ini, jaribio la Kanada lilisimamishwa mapema kwa sababu waliopewa walichanganyikiwa na kuweweseka zaidi. Mimi nisingeipigania. Stiroidi ya sindano kabla ya kukata ina majaribio mengi kuliko melatonini, na kwenye kadhaa bilirubini (ile ya manjano inayopanda ini likilemewa) na dalili za mwili kuwaka kwa ndani (inflammation) zilipungua. Lakini inapandisha sukari, na mzee wenu ana sukari. Haimaanishi asipewe kabisa. Uamuzi ni wa timu yake, na wakiitumia watampima sukari mara kwa mara.

Mama Tausi:
Na kumtuliza tu alale, wasiwasi upungue?

Mzee wa Takwimu:
Hapo melatonini ina ushahidi mzuri zaidi kuliko kwenye ini: inapunguza wasiwasi kabla ya oparesheni kuliko dawa bandia. Kuzuia kuweweseka ICU ni jambo jingine. Australia walijaribu miligramu 4 kwa wagonjwa zaidi ya 800, haikusaidia.

BintiKigamboni:
Asanteni wakuu. Wiki ijayo anaonwa na daktari wa nusukaputi, nitakwenda na chupa nimwoneshe.

Fundi Nusukaputi:
Bebeni na dawa zake zote za sukari, muulize ipi aiache na lini. Kama kuna mizizi au majani anayochemshiwa nyumbani, taja jina la mti wenyewe. Wazee wengi hawasemi, nasi tunakutana na damu isiyoganda tumbo likiwa wazi.