Nimerudi kazini lakini akili imebaki nyumbani, ni mimi tu?

MamaWaMiezi4: Wamama wa Nairobi nisaidieni. Livu ya miezi 3 imeisha nikarudi kazini, niko uhasibu, na sijitambui. Jana nimelipa saplaya mmoja mara mbili, laki na themanini, mimi huyu nilikuwa nashika namba za akaunti kwa kichwa. Halafu asubuhi kwa matatu ya Donholm mtoto wa wenyewe akalia huko nyuma, maziwa yangu yakaanza kutoka yenyewe, nikaingia ofisini sweta nimeifunga hadi shingoni na jua lote hilo. Lakini usiku mtoto akibadilisha pumzi tu nishaamka, mzee amelala fofofo. Sasa hii akili itarudi ama niombe kuhamishwa?

NesiWaUsiku: Pole mama. Kuna utafiti ulifanywa Barcelona ukatoka 2016, walipiga picha za ubongo wa wanawake kabla ya mimba ya kwanza na baada ya kuzaa, wakakuta sehemu za kusoma hisia za wengine zimepungua ukubwa, na miaka 2 baadaye bado ziko hivyo. Si kuharibika, wanaona ni kama kupogoa chai, na aliyebadilika zaidi ndiye alishikamana na mtoto zaidi. Kumbukumbu walipima, haikuwa imeshuka. Hiyo ya saplaya mimi naiweka kwa usingizi, kwani unaamka mara ngapi? Ila ukiona ni kulia tu na huna raha kwa zaidi ya wiki 2, enda kliniki, usingoje.

MamaPacha_Umoja: Uhamishwe wapi na kosa ni la nani? Kwanza unakamulia wapi? Mimi ilikuwa stoo ya karatasi, nimeegemea mlango na mgongo kwa sababu hauna kufuli, jamaa wa fotokopi anagonga "madam bado?" Nikaprinti Sheria ya Afya ya 2017, inasema mwajiri aweke mahali pa kunyonyesha na upewe muda, jumla hadi saa moja kwa kila saa 8 za kazi, mbali na lanchi. Nikaiacha kwa meza ya mkubwa kimya kimya. Tulipata kachumba kenye soketi na kafriji. Na malipo nafanya saa nne nikishakamua, kabla ya hapo sigusi pesa ya mtu.

BabaMpya: Mimi nilichukua zile wiki 2 za baba nikarudi job nikijiona shujaa, kumbe. Huyo mzee mwamshe, chupa ya saa nane usiku hata yeye anaweza kushika.

MamaWaMiezi4: Nesi, ni mara 5 😩 Saplaya amerudisha pesa, asante Mungu. Mzee nimemsomea ya BabaMpya, ameguna tu.