Ushauri: ala na kibodi hazipatani kwenye wimbo, nifanyeje?

Kijana wa Chamwino: Wakuu, habari za jioni. Natengeneza wimbo nyumbani kwa kompyuta. Kibodi na besi viko sawa, ila ala niliyoiingiza baadaye haipatani navyo kabisa, iko chini. Nimeinyoosha kwa Melodyne, ile programu ya kusahihisha noti, sauti ikakauka. Wimbo unatakiwa harusini wiki ijayo. Msaada wa haraka tafadhali.

Dereva wa Usiku: Harusi ya nani mkuu? Pilau lipo?

Bi Kwaya: Vijana mnaanza na kompyuta kabla ya sikio. Mwalimu wetu wa kwaya alitoa noti kwa mdomo tu, sauti zote nne zikakaa.

Fundi Mitambo: Ala gani? Gitaa? Filimbi? Hujaitaja.

Kijana wa Chamwino: Ni ilimba, marimba ya Kigogo yenye vyuma vya kupigwa kwa vidole gumba. Sikuitaja kwa sababu najua mtaniambia niiache. Kibodi siigusi, mwimbaji ameshaingiza sauti. Nimeshamwagiza mdogo wangu asogeze vyuma vifuate kibodi, turekodi upya.

Bi Kwaya: Marimba ya nani?

Kijana wa Chamwino: Ya babu. Bado hajui. Si vyuma vinarudishwa tu?

Bi Kwaya: Mzee yuko hai na hujamwomba ruhusa? Mwanangu, hapo pitch si tatizo tena.

Fundi Mitambo: Mzuie mdogo wako. Chuma kikivutwa kikawa kirefu sauti hushuka, kikirudishwa ndani hupanda, na kukirejesha pale pale kunahitaji sikio la babu mwenyewe. Halafu ilimba haijakosea. Wagogo wanafuata sauti za asili, zile zinazozaliwa ndani ya noti moja inapolia. Kwenye kibodi kila nusu-toni, yaani hatua ya kitufe kimoja hadi cha jirani, ni senti 100. Sauti ya tano ya asili iko senti 14 chini ya noti ya kibodi, na ya saba iko senti 31 chini. Ukizipandisha umeua utamu wote. Tena kwenye ilimba chuma kikipigwa, vingine vinaitikia vyenyewe. Melodyne inavikamata vyote kwa pamoja, ndiyo maana imekauka.

Dereva wa Usiku: Kwenye bendi yetu ya dansi, usiku wa baridi tarumbeta ilikuwa inashuka, magitaa yote yanaifuata. Mpuliza tarumbeta alikuwa mkali, hakuna wa kumwambia. Marehemu Hukwe Zawose, yule mwanamuziki wa Kigogo, alipiga ilimba mpaka Ulaya na hakuhitaji kibodi.

Mdadisi: Hii chai. Mwezi uliopita huyu alikuwa anaulizia vibali vya kazi Muscat. Leo ana marimba ya babu, harusi na studio?

Kijana wa Chamwino: Niko Muscat, ndiyo. Nimeandika wapi kwamba niko Chamwino? Hilo ni jina tu. Anayeolewa ni dada yetu, sina likizo, wimbo ndio zawadi yangu. Mdogo wangu alimrekodi babu kwa video ya simu akanitumia.

Fundi Mitambo: Video ya simu! Ungeanza na hilo. Simu nyingi hurekodi sauti ya video kwa sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, 48,000 kwa sekunde. Mradi wako ukiwa 44,100 na programu isipobadilisha, kila kitu kinashuka karibu nusu-toni moja na nusu, na kinakwenda taratibu. Linganisha urefu wa video na urefu unaosomeka kwenye programu.

Kijana wa Chamwino: Video ni dakika 3 kamili. Kwenye programu inasoma 3 na sekunde 16.

Mdadisi: Hesabu inakubali. Endelea.

Kijana wa Chamwino: Nimebadilisha sampuli, noti ya msingi imekaa na kibodi! Ila kuna noti moja bado iko chini kama senti 30.

Fundi Mitambo: Hiyo ndiyo ile ya saba, iache. Kibodi nyingi za Yamaha na Korg wanazopigia taarab zinaweza kushusha noti moja moja. Yako ikiweza, shusha hiyo kwa senti 31, kisha mwimbaji arudie mistari inayokutana na marimba.

Kijana wa Chamwino: Mwimbaji harudii, nimeshamlipa. Nitanyamazisha kibodi marimba inapoingia, besi ibaki kwenye noti ya msingi.

Fundi Mitambo: Hiyo pia inafaa. Pengine ni bora zaidi.

Bi Kwaya: Na mdogo wako umeshamzuia?

Kijana wa Chamwino: Hapatikani. Nampigia mama sasa hivi.