Wauza kebo, mtatuuzia waya wa kuchaji simu kama kebo ya monita mpaka lini?

Jamani, nimechoka. Wiki hii nimepanda matatu kwenda tao mara tatu kwa sababu ya kebo moja.

Nina monita ya kubeba ya inchi 15.6. Ndiyo ninayofanyia hesabu za wateja, leja huku, risiti kule. Kebo yake ilikatika shingoni. Nikaenda Luthuli Avenue, Nairobi, nikaingia duka moja, nikasema wazi: nataka USB-C kwa USB-C ya kupitisha picha kutoka laptopu hadi monita. Kijana hakuuliza swali hata moja. "Chukua hii dada, inafanya kila kitu. Ni wati 100." Nikatuma 1,500 kwa M-Pesa.

Nyumbani nikachomeka. Taa ya monita ikawaka buluu, nembo ikatokea, kisha ikaandika kwamba hakuna mawimbi, kisha giza. Nikageuza kebo, nikahamisha tundu, nikazima laptopu na kuiwasha upya. Giza.

Wati 100 ni habari ya umeme! Kebo chungu nzima za kuchaji ni USB 2.0 tu, megabiti 480 kwa sekunde, na zile jozi za nyaya zinazobeba picha ya DisplayPort (mfumo ambao USB-C hutumia kupeleka picha kwenye monita) hazimo kabisa ndani. Hata ya wati 240 inaweza kuwa hivyo. Kichwa ni kilekile, mnunuzi ataonaje tofauti? Wa kujua ni anayeuza.

Nikairudisha. "Dada, monita yako ndiyo mbovu," huku ananionyesha kikaratasi ukutani kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Akaniuzia ya HDMI, aina nyingine ya kebo ya picha, 600 nyingine. Nilimwambia mara mbili kwamba tundu langu ni la HDMI mini. Akanipa mikro! Ni nyembamba kuliko tundu, inacheza tu mle ndani. Wala hakunitajia kwamba ukitumia HDMI, monita kama hii inataka waya mwingine wa umeme.

Mara ya tatu nikapelekwa kwa fundi wa jengo la pili, ghorofani. Kwanza alikagua tundu la laptopu yangu, maana si kila USB-C ya laptopu inatoa picha. Akachukua kebo iliyoandikwa gigabiti 20, yaani kasi ya kupitisha data wala si wati za umeme, akaunganisha na monita yangu palepale, picha ikaja, ndipo akataja bei. Dakika tano! Hicho ndicho kinachoniuma. Kumbe inawezekana, hawa wengine hawataki tu.

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kumwambia mnunuzi kwamba bidhaa ina uwezo ambao haina. Kesho narudi pale na kebo zote mbili na ujumbe wa M-Pesa, nataka 2,100 yangu. Kama kuna aliyewahi kurudishiwa pesa na duka la aina hii, aniambie alianzia wapi.