Eti SDG, yaani Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa, si sheria? Basi kinyesi kilicho mlangoni kwangu nimdai nani?

Wadau, nimetoka ofisini sasa hivi na hasira zangu zote, mnivumilie.

Mimi nauza samaki Nyalenda, hapa Kisumu. Mto Auji unapita nyuma ya vibanda vyetu, na bomba la majitaka lililopasuka huko juu linamwaga humo humo usiku na mchana. Yakitoka hapa yanateremka hadi ziwani. Ziwani ndiko anakotoka ngege ninayemkaanga. Mteja akiniuliza kama samaki ni safi, nimjibu nini?

Miezi minne nafuatilia ofisi moja, sitaitaja. Leo nikaenda na karatasi: lengo la 6 la Maendeleo Endelevu, pale panaposema majitaka yasiyosafishwa yapunguzwe kwa nusu ifikapo 2030. Afisa akasoma, akatabasamu, akanirudishia. "Mama, hiyo ni miongozo ya Umoja wa Mataifa. Si sheria ya Kenya."

Kinachoniuma ni kwamba hapo hakudanganya. Malengo yale 17 yalipitishwa Septemba 2015 kama azimio, na Katiba yetu, kifungu cha 2(6), inaingiza katika sheria mikataba iliyoridhiwa tu. Azimio halimo. Na balozi wetu ndiye aliyekuwa mwenyekiti mwenza wa kundi lililoyaandaa! Tumewapikia walimwengu, nyumbani tumelala njaa.

Lakini alininyamazia mengine. Kifungu cha 10 kinataja maendeleo endelevu kati ya maadili ya taifa, na kinamfunga kila afisa wa serikali anapotekeleza sheria au sera. Cha 42 kinanipa mazingira safi. Cha 43 maji salama na usafi wa kiwango kinachofaa. Kama anavijua, amenifanya mjinga. Kama havijui, mshahara anakula wa nini?

Msiniambie "nenda kortini". Najua kifungu cha 70 kinaniruhusu kushtaki bila hata kuthibitisha nimepata hasara. Asante sana. Mwenye karai moja la mafuta atatoa wapi pesa za wakili?

Tatizo ni kwamba ahadi hizi hazina namba wala mwenyewe ndani ya sheria. Angalieni miti. Katiba, kifungu cha 69, imeandika asilimia 10 ya nchi iwe na miti, ndiyo maana kila serikali ikiingia inakimbilia miche na kamera. Tabianchi nayo ilitungiwa sheria yake 2016, na baraza lake mwenyekiti ni Rais mwenyewe. Majitaka hayapigi picha nzuri, basi tumeachiwa miongozo. Nataka Bunge liandike: kiasi hiki, kufikia mwaka huu, na asipofikisha fulani mwenye cheo hiki ndiye anayejibu. 2030 si mbali, jamani. Wabunge wetu wa huku ziwani wanangoja nini, au wao samaki wao wanatoka Uchina?

Aliyewahi kufungua kesi ya namna hii katika korti ya mazingira hapa Kisumu aniambie alianzia wapi na ilimla pesa ngapi. Asiyejua asinipe pole, pole ninazo gunia zima. Asubuhi nilipanga mawe upya wateja wapate pa kukanyaga, sasa hivi yamezama tena.