Mtoto ana mafua, duka la dawa wamegoma kuniuzia rangi mbili

MamaPili: Habari za jioni wapendwa. Kijana wangu wa miaka 6 ana mafua, leo siku ya tatu, na makamasi yamegeuka kijani. Nimeenda kununua rangi mbili, zile kapsuli za antibayotiki, nimfungulie kwenye maji, dada wa dukani kanijibu: "Hayo ni ya virusi, hazimsaidii." Mimi nilijua mdudu ni mdudu tu, ukimpiga dawa anakufa. Tofauti iko wapi?

Mtu_wa_Maabara: Huyo dada mshukuru. Mwaka wa kumi na moja huu niko kwenye hadubini. Bakteria nimewaona hadi nawaota: unapaka kohozi kwenye kioo, unatia rangi ya zambarau, iodini, spiriti, kisha nyekundu, unakuza mara 1,000, hao hapo. Kirusi sijawahi kumwona hata mmoja. Wa influenza ana kama nanomita 100 tu, hadubini yangu ya taa haimfikii.

Ila udogo si hoja. Bakteria anajitegemea: anakula, ana ukuta wake, na akipata joto na chakula, wengine ndani ya dakika 20 wameshakuwa wawili. Antibayotiki kama amoxicillin inavuruga ujenzi wa ule ukuta, anapasuka. Kirusi hana ukuta wala jiko. Ni maelekezo tu yaliyofungwa ndani ya protini; anaingia kwenye seli ya pua ya mwanao na kuilazimisha imzalishie wenzake. Sasa dawa ibomoe ukuta wa nani?

Kidawa88: Mbona wangu alianza na mafua hayohayo, daktari akamwandikia antibayotiki?

Mtu_wa_Maabara: Inatokea. Mafua yakishachubua njia ya hewa, bakteria hupata upenyo, ndiyo masikio na nimonia hizo. MamaPili, akihema haraka, mbavu zikiingia ndani, sikio likiuma au homa ikigoma kushuka, mpeleke hospitali usiku huohuo. Kijani peke yake si ushahidi, rangi hiyo inatoka kwenye chembe nyeupe za damu zinazopambana.

MamaPili: Anahema vizuri, uji kamaliza, sasa anadai chipsi. Basi hata zile nne zilizobaki kabatini nisimpe?

Mtu_wa_Maabara: Zilibakije, mama? Si uliambiwa umalize dozi?

MamaPili: 🙈 Nilipata nafuu siku ya pili.