Mrejesho: sabufa (spika ya besi) ya kujitengenezea kwenye gari langu, Toyota Vitz, Goma
Wandugu, niliuliza hapa kwa nini sabufa yangu ya inchi 10 inavuma hovyo na besi haina nguvu. Mliniambia tatizo ni boksi: mbao nyembamba, tena linavuja hewa. Mlisema kweli.

Fundi wa mbao wa mtaa wa Ndosho alinikatia mbao za milimita 18. Kwa nje boksi ni sentimita 40 kwa 35 kwa 30, ndani linabaki na lita 30 hivi. Kila kiungo nilitia gundi, skrubu, kisha silikoni. Niliiacha siku nzima ikauke. Sasa nikisukuma koni (ile sehemu ya spika inayotikisika) taratibu kwa vidole, inarudi polepole. Hewa haitoki.

Bado besi ilikuwa dhaifu kidogo. Nikabadilisha chanya na hasi kwenye sabufa tu, besi ikajaa papo hapo! Kumbe sabufa ilikuwa inapingana na spika za milango. Kichujio, kinachoruhusu sauti nzito tu ziende kwenye sabufa, nimekiweka hezi 80.

Fyuzi iko karibu na betri, asante mzee uliyesisitiza. Boksi nimelifunga kwa bolti; kwa mawe ya lava ya mitaa yetu, lingeruka.

Kibao cha namba nyuma ndicho kinatetemeka bado. Nitaweka mpira.